Mbwa Anajua Kuingia Ziwani. Je, Anajua Kutoka?

Mbwa akikutwa anaelea amekufa mwaloni hapa Kigoma, pale mitumbwi ya Ziwa Tanganyika inapotia nanga, iwe Kibirizi au Katonga, maelezo hayakosekani. Wa kwanza atasema kalishwa sumu. Wa pili atasema mamba alimkamata akamwachia. Wa tatu, mwenye uhakika kuliko wote, atasema haiwezekani kafa maji, kwa sababu mbwa huzaliwa anajua kuogelea. Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kumjibu. Kauli yake ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoua mbwa.

Ni kweli kwamba mbwa wengi wakitumbukia majini huanza kupiga miguu bila kufundishwa na mtu. Kosa ni kudhani kwamba kupiga miguu kunatosha. Mara nyingi mbwa anayekufa maji alikuwa anaogelea vizuri tu. Kilichomshinda ni kupata pa kutokea, akaendelea kuogelea mpaka nguvu zikamwishia. Mwenye mbwa au paka akishika hilo moja, mengi yatakayofuata hapa atayaona mwenyewe.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kuelea ni kazi ya mwili wenyewe: mafuta na hewa iliyomo mapafuni humpa mnyama wepesi, misuli na mifupa humvuta chini. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani, hana mafuta ya kumbeba. Akiacha kupiga miguu, anashuka. Kupiga maji ni silika, miguu inakwenda tu kama vile anatembea. Kuogelea ni kupiga maji kwa mpango: mwili umelala, pumzi haikatiki, na mnyama anajua anaelekea wapi. Kufa maji ni kukosa hewa kwa sababu ya maji, na jambo hili hutokea kimyakimya. Mbwa anayezama habweki. Kubweka kunataka pumzi, na pumzi yote aliyonayo anaitumia kubaki juu.

Tofauti ya kupiga maji na kuogelea unaweza kuiona kwa macho. Mtazame mbwa aliyezoea ziwa: mgongo umenyooka sambamba na maji, mkia unaelea nyuma, miguu inafanya kazi chini na huioni. Sasa mtazame aliyeingia mara ya kwanza. Kichwa amekiinua kwa hofu, na kichwa kikipanda makalio hushuka. Mwili unasimama wima, miguu ya mbele inatoka nje na kuchapa maji, ya nyuma inaning'inia tu. Anatumia nguvu nyingi na haendi popote. Ukiona nyayo za mbwa zinarusha maji mbele ya uso wake, usicheke wala usitoe simu kupiga video. Huyo yuko njiani kuzama.

Mbwa nao hawalingani. Wale wa kizungu wenye pua fupi na uso uliobonyea, kifua kizito na miguu mifupi, huzama upesi sana. Wengine hata sekunde chache za utulivu juu ya maji hawazipati. Watoto wa mbwa huchoka haraka na hupoteza joto haraka. Mbwa mzee mwenye nyonga zinazouma anaweza kuogelea mwanzo vizuri kisha miguu ya nyuma ikagoma. Paka hupiga maji, tena kwa ustadi, lakini hapendi, na hofu inamchosha kabla ya maji kumchosha.

Anza na ua wako

Tunaogopa ziwa kwa sababu ni kubwa. Lakini kwa kanuni ile ya kutoka, chombo kibaya zaidi kwa mnyama mdogo kiko nyumbani: pipa la maji ya mvua lililojaa nusu, karai refu, ndoo, simtanki la ardhini lisilo na mfuniko, kisima cha kuchimba kwa mkono, shimo la choo ambalo zege lake halijamalizika. Vyote hivi vina sifa moja. Ukuta wake umesimama wima na ni laini. Mbwa akitumbukia, silika yake inamwambia ashike ukingo, kucha zinateleza, anazunguka, anajaribu tena. Kisima kinaweza kuwa na maji ya kina kidogo tu na bado kikammaliza, kwa sababu hapati pa kukanyaga wala pa kupanda.

Ujiji, ambako Waislamu ni wengi na mbwa hawafugwi sana majumbani, suala hili linamhusu zaidi paka. Paka hufuata vyura na mijusi ukingoni mwa kisima, hufuata hata kivuli chake. Dawa ya kwanza ni mfuniko, na mfuniko wenyewe uwe mzito. Bati jepesi lililolazwa tu ni mtego, maana paka akirukia juu yake linapinduka naye. Dawa ya pili, kwa pipa au tangi ambalo lazima libaki wazi, ni kumwekea njia. Ning'iniza gunia la katani au kamba nene yenye mafundo, ifike chini ya usawa wa maji hata yakipungua. Paka atapanda. Kwa mbwa weka ubao uliopigiliwa vipande vya mbao kama ngazi ya banda la kuku, ulioegeshwa kwa mteremko mdogo. Watu hushawishika kutumia wavu chakavu wa dagaa kwa kuwa mjini kwetu haukosekani. Usiutumie. Matundu yake ni madogo, kucha na vidole vinanasa, na badala ya ngazi umeweka pingu.

Kwa wenye kuku: vifaranga hufa katika chombo chao cha maji ya kunywa. Jaza changarawe mpaka maji yabaki juujuu tu, basi.

Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika kama mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na lina urefu wa zaidi ya kilomita 670. Namba hizi wanafunzi wa Kigoma wanazijua kwa moyo, ila maana yake kwa mbwa haisemwi darasani. Ziwa hili limekaa ndani ya Bonde la Ufa, ardhi iliyopasuka na kushuka, kwa hiyo sehemu nyingi kitako chake hakiendi taratibu. Unatembea hatua chache maji yako magotini, unaongeza kidogo, ardhi imekwisha. Kuna fukwe za mchanga zenye mteremko wa upole, na kuna kingo za mawe ambako mbwa anaruka kwa urahisi kisha anakuta mwamba umepanda juu ya kichwa chake, nao una utelezi wa majani ya majini. Ukuta wa gati ni vilevile. Kuruka ni sekunde moja. Kupanda hakupo.

Halafu ziwa halikai mahali pamoja. Miaka ya karibuni maji yalipanda sana, na mwaka 2024 yalifurika maeneo ya pwani katika nchi zinazolizunguka, Bujumbura ikiwa miongoni mwa waliopata tabu kubwa. Maji yakipanda, mchanga ambao mbwa alizoea kutokea unaweza kuwa umefunikwa, na ukingo mpya ukawa msingi wa ukuta, kichaka kilichozama, au uzio wa seng'enge usioonekana. Yakishuka, mabaki hayo yote yanabaki matopeni. Kwa hiyo kumbukumbu ya mbwa, na yako wewe pia, ina muda wa kuisha. Tembea kwanza wewe mwenyewe ukaukague ukingo.

Kumfundisha ni kazi ya kurudia, haina siri. Chagua ufuko wa mchanga, asubuhi isiyo na mawimbi. Mwache aingie kwa hiari mpaka maji yafike tumboni, mwite nje, mpe kipande cha dagaa. Rudia. Akishaanza kuogelea, mshike chini ya tumbo ili makalio yainuke, kisha mwelekeze atokee palepale alipoingilia. Siku nyingine ingia naye upande wa pili wa mahali hapo na umfanye apatafute mwenyewe. Mbwa aliyefundishwa mahali pa kutokea huogelea kuelekea huko hata akiwa na hofu. Asiyefundishwa huelekea popote palipo karibu na macho yake, hata kama ni ukuta. Na ule mtindo wa kumrusha mtoto wa mbwa majini "ajifunze" sijui nani aliuanzisha. Anachojifunza ni kukuogopa wewe na maji kwa pamoja.

Upepo nao una mambo yake. Katika miezi ya kiangazi, takribani Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Pua ya mbwa anayeogelea iko juu kidogo tu ya maji, kwa hiyo wimbi ambalo kwako ni la kuchezea, kwake linapita juu ya uso. Usiku na alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi, hewa mara nyingi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukirusha mpira wakati huo, mpira unasafiri kuelekea Kongo na mbwa anaufuata kwa uaminifu wote. Mtu angeuacha akarudi. Mbwa mwenye hamu hana akili hiyo ya kukata tamaa mapema, kwa hiyo wewe ndiye wa kukata tamaa kwa niaba yake. Mfunge kamba ndefu inayoelea, kwenye mikanda ya kifuani, isiwe kwenye shingo.

Na ukisafiri naye kwa boti kutoka Kibirizi, labda unahamia Kagunga au vijiji vya kusini, usimfunge kwenye chombo. Watu humfunga ili asiruke, na sababu yao inaeleweka. Lakini boti ikipata shida, mbwa aliyefungwa anakwenda nayo. Mshike kamba mkononi, ili siku ikibidi uiachie.

Wapo wanaomvalisha jaketi la kuokolea la mtoto. Nia nzuri, ila jaketi la binadamu limetengenezwa kumgeuza mtu alale chali ili uso utazame juu. Mbwa anahitaji kinyume chake kabisa, tumbo chini na mgongo juu, na boya likimlazimisha kugeuka linamtia matatani. Jaketi la mbwa lipo, lina maboya ubavuni na chini ya kifua na mshikio mgongoni wa kumnyanyulia. Usipolipata, afadhali kamba na macho yako kuliko jaketi lisilo lake.

Mamba

Nimemweka huku katikati kwa makusudi, kwa kuwa kila mazungumzo ya mbwa na ziwa humkimbilia yeye kwanza na kusahau pipa lililoko uani. Lakini yupo. Penye matete, na hasa kuelekea midomo ya mito kama Malagarasi na Luiche, mnyama anayekunywa maji ukingoni yuko katika nafasi ambayo mamba huisubiri. Mamba huwinda kwa kuvizia. Hukaa ndani ya maji macho na pua tu vikiwa juu, anaweza kuzama muda mrefu bila kupumua, na hutoka kwa kasi pale mawindo yalipoinamisha kichwa.

Kinachomponza mbwa ni mazoea. Ukimpeleka kunywa maji mahali palepale, saa ileile, kila jioni, unamwandalia mamba ratiba. Mchotee maji kwenye beseni ukampe mbali na ukingo. Kuanzia jua linapozama mpaka asubuhi usimwache azurure ufukweni. Na wale wanaochukua mbwa wakaoge naye ili "awalinde": mbwa akichapa maji na kubweka anaweza kuwa ndiye anayemwita mamba.

Ziwa letu pia lina swila wa majini, nyoka mwenye sumu anayekula samaki na kujificha kwenye mawe. Yeye hana shida na mbwa. Mbwa ndiye mwenye shida naye, kwa kuwa pua yake inaingia kila tundu.

Maji yanayoingia mwilini

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawajalisikia: mbwa anaweza kufa kwa maji akiwa tayari yuko nchi kavu, tena maji safi kabisa. Mbwa anayerushiwa mpira ziwani hufungua mdomo kila mara kuudaka, na kila mara anameza. Baada ya muda amekunywa mengi kuliko figo zinavyoweza kutoa, na chumvi iliyomo katika damu yake inazimuliwa. Ni kama mchuzi uliokolea vizuri halafu mtu akaumiminia jagi la maji: chumvi ni ileile, lakini haitoshi tena. Mwilini matokeo yake ni maji kuhamia ndani ya chembe hai, zikavimba. Za sehemu nyingine zina nafasi ya kuvimba. Ubongo umo ndani ya fuvu, hauna.

Dalili zake ni kuyumbayumba kama mlevi, tumbo kujaa, kutapika, udenda, macho kukosa mwelekeo, ufizi kupauka, baadaye degedege. Zinaweza kujitokeza ndani ya saa chache na mambo yakaenda haraka, kwa hiyo hii si ya kusubiri kesho. Kuzuia ni rahisi mno: mchezo wa majini usizidi dakika kumi hivi bila kumtoa apumzike akakojoe, na badala ya mpira tumia kitu bapa anachoweza kukibana bila kuachama.

Rangi ya maji nayo ni habari. Maji yaliyotulia, yenye joto na taka za mbolea au samadi, hufanya utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Baadhi ya utando huo ni aina ya bakteria wanaotoa sumu ya ini na ya mishipa ya fahamu. Mbwa anakunywa, au anaoga kisha analamba manyoya, na anaweza kufa upesi. Kuchemsha maji hayo hakusaidii, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini sumu inabaki. Jamaa zetu wa Tabora, ambako watu na mifugo hutegemea mabwawa na malambo yanayopungua kiangazi, wana sababu zaidi ya kuangalia rangi kabla ya kumwachia mbwa kamba. Akishaingia, msuuze kwa maji safi kabla hajajilamba.

Madimbwi ya mvua yana lake. Mkojo wa panya huyachafua kwa vimelea vya ugonjwa ambao Watanzania waliusikia sana mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi, homa ya mgunda. Mbwa huupata, figo na ini vikaathirika, na anaweza kuutoa kwenye mkojo wake ukawafikia watu wa nyumbani. Chanjo ya mbwa ipo. Muulize bwana mifugo unapompeleka kwa ile ya kichaa.

Kichocho? Hapa mambo yanageuka. Vimelea vyake hutoka kwa konokono waishio kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na hupenya ngozi. Fukwe za Kigoma zimo katika maeneo yenye kichocho cha tumbo. Katika ile dakika ya kumwogesha mbwa ziwani, anayepaswa kuhofiwa zaidi ni aliyesimama magotini majini akiwa ameshika sabuni. Mwogeshe nyumbani.

Tena mwogeshe nyumbani kwa sababu ya pili. Wengi hutumia dawa ya kupe ya ng'ombe kumwogesha mbwa, kisha wanamsuuza ziwani. Dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na baadhi yake humuua paka anayelala na mbwa huyo. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa. Kwa hili sina lugha laini.

Kichaa na kuogopa maji

Uvumi mmoja unahitaji nafasi yake. Watu husema mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Kutokana na hapo wanatoa hukumu mbili, zote za hatari: mbwa anayekataa kuingia ziwani ni kichaa, apigwe, na mbwa aliyeonekana akinywa au kuogelea si kichaa, hata kama amemng'ata mtoto.

Kuogopa maji ni dalili ya kichaa kwa binadamu. Misuli ya koo ya mgonjwa hukaza kwa maumivu akijaribu kumeza, mpaka kuona tu glasi ya maji kunamtetemesha. Mbwa hana dalili hiyo kwa namna hiyo. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuingia majini, anaweza kwenda kwenye beseni na kujaribu kunywa. Kinachotokea kwake mara nyingi ni koo na taya kupooza, udenda ukatiririka, mdomo ukabaki wazi kama aliyekwamwa na mfupa. Usithubutu kuingiza mkono kuutafuta mfupa huo.

Mbwa asiyetaka maji ana sababu za kawaida: hajazoea, aliwahi kuzama, sikio linamuuma. Na aliyeng'atwa hahitaji kumchunguza mbwa kwanza. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa mbwa anafahamika, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda wote huo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku alipong'ata. Lakini chanjo ya mtu haisubiri siku hizo zipite.

Akishazama

Usiruke. Mfa maji hukamata maji, na mbwa mwenye hofu atakupanda kichwani kwa kucha zote nne. Mnyooshee upondo au kasia, au funga dumu tupu lenye mfuniko kwenye kamba umrushie, kisha umvute akijiegemeza. Mwite kwa sauti ya kawaida kutoka upande wenye mahali pa kutokea. Ukipiga kelele ukiwa juu ya mwamba, atakuja kwenye mwamba.

Akifika nchi kavu, watu wataanza kumning'iniza kichwa chini na kumzungusha. Wazuie. Maji yanayotoka hapo mengi ni ya tumboni, na yakipanda yanaweza kurudi mapafuni. Muda huo unapotea bure. Mlaze ubavu, nyoosha shingo, futa matope na majani mdomoni, vuta ulimi mbele. Anapumua? Mkaushe, mfunike, mwache atulie. Hapumui na hasikii? Funga mdomo wake kwa mkono, puliza puani mpaka uone kifua kinapanda. Kisha bonyeza kifua mahali kilipo kipana, theluthi moja mpaka nusu ya upana wake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika: mabonyezo 30, pumzi mbili, tena na tena. Paka au mbwa mdogo unaweza kumkamata kifua kwa mkono mmoja na kubana kwa vidole. Kwa mbwa usiyemjua, ambaye huna habari ya chanjo yake, mdomo wako usiukaribishe puani mwake. Bonyeza kifua tu.

Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula. Desturi hiyo imekita mizizi kwa kila mbwa mgonjwa, lakini mnyama aliyelegea hamezi sawasawa na kimiminika kitafuata njia ya hewa. Usimkalishe pembeni ya jiko la mkaa pia.

Ukikuta mshipi umening'inia mdomoni, jambo la kawaida kwa mbwa wa mwaloni, usiuvute wala usiukate karibu na meno. Huko mwisho kuna ndoano, na mshipi huo ndio utakaomsaidia daktari kuifuata.

Mbwa akisimama na kutikisa mkia, wenye mbwa hurudi nyumbani wakicheka. Angalia saa. Maji machache yaliyofika mapafuni yanaweza kuleta matatizo baadaye, saa kadhaa au hata siku moja hadi mbili, mapafu yakijaa majimaji au yakishika maambukizi. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka akiwa amelala, ufizi kuwa wa bluu au mweupe, kukataa chakula: yoyote kati ya hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo au mwite bwana mifugo wa kata hata kama ni usiku. Mwambie alikaa majini muda gani, alipoteza fahamu au la, na maji yenyewe yalikuwa ya wapi. Kama yalikuwa ya choo au ya mtaro, anza na hilo, kwa sababu maambukizi yake ni mengine na daktari atataka kujua kabla ya kuchagua dawa.